Mkononi Ni Ngapi

Ijumaa, 1 Novemba 2024. Riyadh

Nimepata nyumba. Naandika nimekaa sakafuni kwa sababu kiti bado sina. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya hesabu, lakini leo sina hamu ya hesabu, nina hamu ya kusema na mtu, na Eucabeth, mke wangu, yuko zamu ya mchana wodini, simu imo kabatini. Basi nalisemesha daftari.

Vyumba viwili, jiko, bafu lenye maji moto, ghorofa ya tatu, mtaa wa Sulimaniyah. Kodi ya miezi sita nimelipa yote kwa mkupuo, riyali elfu kumi na sita na mia nane, maana mwenye nyumba wa hapa hataki mambo ya mwezi kwa mwezi. Fedha zote ni za mkopo wa sacco. Siogopi. Kazi yangu ni kukadiria gharama za majengo, na kiwango nilichotajiwa kwa simu mwezi wa Agosti ni riyali elfu kumi kwa mwezi. Nchi hii mshahara haukatwi kodi. Kwa shilingi za kwetu ni laki tatu na elfu arobaini na kitu, na nyumbani Webuye namba hiyo wanaijua wote, mpaka fundi wa baiskeli.

Jengo ni la familia tu. Makapera hawapokelewi. Nimewaahidi kwamba mke wangu atafika kabla ya miezi mitatu kwisha, na mlinzi wa jengo, mzee wa Kisudani ambaye kila mtu humwita Amm Siddig, amenitazama kwa mashaka kisha akaniuliza, "Madam mata?" Yaani madam lini. Nikamjibu karibuni, inshallah.

Tulifunga ndoa tarehe saba Septemba. Tuliishi pamoja siku ishirini na tatu, kisha tiketi ikaja.

Jumanne, 5 Novemba

Kitanda kimefika. Kikubwa kupita kiasi kwa mtu mmoja.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo nimezunguka maduka ya vitambaa nikiwa nimeinua simu juu kama mpiga picha wa harusi, Eucabeth akitazama kutoka kwao. Mwenye duka alidhani nina wazimu.

"Rudi nyuma. Hiyo ya kijani. Hapana, si hiyo, hiyo ya kando yake."

"Hii ya kahawia iko na bei poa."

"Kahawia ni ya hospitali, Gilbert. Mimi nimeangalia kahawia miaka sita. Nunua kijani."

Nimenunua ya kijani, mapazia mawili mazito, na nimeyatundika kabla ya kula. Nilimwonyesha. Kisha akaniambia nizime taa ya dari niwashe ya ukutani, aone jioni yake itakuwaje. Nilifanya hivyo. Tukakaa tukiangalia dirisha moja, yeye huko na mimi huku, na nikatamani hata kumsikia akilalamika kwamba nimeacha viatu mlangoni.

Jumapili, 10 Novemba

Ameandika barua ya kuacha kazi hospitalini. Notisi ni mwezi mmoja, inaisha tarehe kumi Desemba. Matroni alimwambia, fikiria tena, nafasi yako ina watu hamsini wanaoisubiri mlangoni. Akamjibu kwamba ameshafikiria.

Nimefurahi hadi nikampa Amm Siddig soda.

Jumapili, 17 Novemba

"Madam mata?" Karibuni, Amm Siddig.

Jumapili, 24 Novemba

Amm Siddig ameuliza tena. Mzee huyu ana kero. Nahisi kama ananivizia ngazini.

Alhamisi, 28 Novemba

Hati ya mshahara imetoka. Tangu nifike nimekuwa nikiishi kwa malipo ya awali, kwa hiyo hii ndiyo ya kwanza kamili. Nimeisoma ofisini Olaya, nikaenda msalani, nikaisoma tena huko.

Riyali elfu tano na mia sita na hamsini.

Nilidhani ni kosa la mashine. Saa tisa alasiri niliomba ruhusa nikaenda kwa miguu hadi ofisi ya kampuni, pale Sulimaniyah. Niieleze hapa, kwa sababu hata mimi leo ndiyo nimeielewa. Ofisi ya Olaya ninayoifanyia kazi siyo iliyoniajiri. Iliyoniajiri ni kampuni ya kati: Olaya wanailipa kampuni, kampuni inanilipa mimi. Wakenya wa hapa huiita Mwavuli. Na aliyenipigia simu Agosti akanitajia elfu kumi ni Yassir, karani wa Mwavuli, Mzanzibari mwenye sauti ya upole na ndevu zilizochanwa vizuri. Nimekuwa nikimwona mtu mwema.

Yassir alinivutia kiti. Akachukua kalamu, akapita mstari kwa mstari kama mwalimu.

"Kiwango chako elfu kumi, hicho hakijabadilika. Ndicho wanachotulipa wale wa Olaya. Hapa ada ya kampuni, elfu na mia tano. Hii ikama yako ya ukaaji na kibali cha kazi, mia nane na hamsini. Bima ya afya, mia tatu. Hii akiba ya kiinua mgongo, mia nne na ishirini. Likizo na tiketi yako, mia sita na thalathini. Gharama ya viza tunairejesha kidogo kidogo, mia tano kwa mwezi. Na bima ya jamii, mia na hamsini."

"Viza si ya mwajiri kulipa?"

"Ya mwajiri, naam. Mwajiri anailipa kutoka humu."

"Yassir, uliniambia elfu kumi."

"Uliniuliza kiwango, kaka. Nikakutajia kiwango."

"Nilikuuliza mshahara!"

"Uliuliza kiwango. Mie nakumbuka, kwa sababu kila mtu huuliza hivo. Hajapata mtu kuniuliza mkononi ni ngapi."

Alinionyesha mkataba wa Kiarabu niliotia sahihi siku ya pili baada ya kufika, nikiwa na usingizi wa ndege. Mshahara ulioandikwa mle ni huo huo wa leo. Sahihi ni yangu, nzuri, yenye mkia mrefu.

Ningempiga. Nasema kweli. Nilichokifanya ni kumwita mwizi mbele ya Wahindi wawili na Mfilipino mmoja waliokuwa wakingoja zamu, naye akainamisha kichwa, akaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Mimi ndiye ninayewakatalia makandarasi hati zao za bei. Mimi ndiye ninayeuliza, hii saruji ni bei ya kiwandani au ya kufikishwa hapa? Kisha kwangu mwenyewe nikasikia hakuna kodi, nikaishia hapo.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimepiga hesabu namna kumi na moja. Toa kodi ya nyumba, toa sacco, toa chakula, toa ada ya serikali ya mtegemezi, riyali mia nne kila mwezi. Na Eucabeth hatakuwa na mshahara. Haikubali. Alipopiga simu jioni akaniuliza pay imeingia, nikasema imeingia. Akauliza iko sawa, nikasema iko sawa.

Jumapili, 1 Desemba

Treni imefunguliwa leo. Riyadh yote imetoka kuipanda, watoto wamevaa nguo za Idi, wazee wanajipiga picha. Nimepanda nami kupitia Olaya, simu imeinuliwa, Eucabeth akiwa upande wa pili.

"Wacha! Haina dereva?"

"Haina."

"Nikifika hii ndiyo itanipeleka soko kila siku. Wewe utakula baridi."

Mbele yangu alikaa mtu na mkewe, bibi amemlalia begani. Nikageuza simu ili asiwaone. Notisi yake bado ina siku tisa, na barua ya kuacha kazi inaweza kurudishwa. Naijua hiyo. Yassir amenitumia ujumbe kwamba anajaribu kumwomba mkubwa wake aondoe ule mkato wa viza. Namsubiri Yassir, mtu niliyemwita mwizi. Nikipata hata mia tano ile, labda sitahitaji kumwambia Eucabeth lolote.

Jumatano, 4 Desemba

Baridi imeingia. Sikujua kama jangwa lina baridi. Nimelala na soksi.

Jumapili, 8 Desemba

Yassir kasema mkubwa wake yuko safarini. "Madam mata?" Karibuni.

Jumanne, 10 Desemba

Wenzake wamemkatia keki wodini. Amenitumia picha. Matroni analia.

Sikusema.

Jumapili, 15 Desemba

Nilijiambia kwamba hata kama fedha ni kidogo, kwanza nimfikishe hapa, mengine tutabanana. Kwa hiyo leo nimekwenda kwenye ofisi ya wapiga chapa wa maombi ya viza. Kijana Myemeni akachukua ikama yangu, akaitazama, akanitazama, akacheka kwa pua.

"Wewe mpaka rangi?"

"Mimi mkadiriaji wa majengo. Ni kama mhandisi."

Akaniwekea kidole chini ya neno la Kiarabu kwenye kadi. Huko ndiko kazi ya mtu huandikwa. Mpaka rangi. Miezi miwili nimeibeba kadi hii mfukoni, nikiangalia picha na jina langu tu. Mpaka rangi hawezi kuomba viza ya mke, hata awe analipwa elfu ishirini. Halas, basi, akasema, akanirudishia kadi na kumwita mwingine.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Yassir. Hakuvuta kalamu safari hii.

"Kampuni hununua nafasi za viza kwa wingi, kaka. Zilizokuwepo Septemba zilikuwa za wapaka rangi thalathini. Daktari wa meno nnae humu ndani, naye kaandikwa fundi bomba."

"Ulijua nina mke. Nilikwambia kwenye simu, nikakwambia na jina lake."

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza," akasema. "Kubadilisha yawezekana, lakini hadi utimize mwaka. Ukishatimiza mwaka waweza hata kuhamia kwengine bila idhini yetu, sheria mpya inaruhusu. Ila mwaka, ndugu yangu. Oktoba ijayo."

Nje jua lilikuwa linawaka na baridi iko pale pale. Nilikuwa nimenunua kopo la maharagwe njiani na nimelisahau mezani kwake.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimemwambia.

Nilianza na ile ya ikama kwa kuwa ilikuwa na kichekesho ndani yake, na kweli alicheka, "Painter! Wewe hata kucha huwezi paka." Kisha nikamwambia maana yake. Kisha nikamwambia mshahara. Nikasikia jogoo wa kwa mama yake.

"Hiyo payslip ulipata lini?"

Ningeweza kudanganya tena. "Tarehe ishirini na nane."

"Ya Novemba?"

"Ya Novemba."

"Gilbert. Mimi nimeacha kazi tarehe kumi. Tarehe kumi Desemba. Ungenipigia hata tarehe tisa usiku ningeenda kwa nyumba ya matroni nipige magoti."

"Nilikuwa natafuta njia ya kurekebisha."

"Hapana. Ulikuwa unaogopa. Pesa kidogo si shida, mimi nimeolewa na wewe ukiwa na pikipiki ya kuazima. Lakini ulinionyesha treni. Ulinizungusha kwa treni ukijua."

Akakata.

Nimekaa chini ya pazia la kijani hadi nikasikia adhana ya alfajiri. Sina la kujitetea. Kila alilosema ni kweli, na ninampenda, na nilimtendea hivyo.

Jumanne, 17 Desemba

Hajapiga. Nimepiga mara nne.

Alhamisi, 19 Desemba

Hajapiga.

Jumapili, 22 Desemba

Hajapiga. Amm Siddig alinitazama usoni leo, akaacha kuuliza. Nimegundua kwamba lile swali nilikuwa nimelizoea, na kwamba lilikuwa linanifaa.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi, siku ya kazi. Nimekagua hati ya milango ya aluminiamu. Saa sita mchana ukaja ujumbe wake: "Heri ya Krismasi. Nimekula chapati mbili, moja ni yako." Nimeusoma mara nyingi kuliko inavyompasa mtu aliye kazini.

Ijumaa, 3 Januari 2025

Mwavuli wananihamisha Jeddah. Kule Balad, mji wa kale, kuna nyumba za mawe ya matumbawe zinazokarabatiwa na wanahitaji mtu wa kukadiria. Kiwango kimepanda hadi elfu kumi na moja. Nilipoambiwa kwa simu nikauliza, "Na mkononi?" Upande wa pili Yassir akavuta pumzi, akasema, "Tano na mia nane. Nyumba wanakupa, mtalala watatu chumba kimoja." Safari hii nilikubali nikiwa nimesikia yote.

Miezi minne ya kodi ingepotea. Amm Siddig ndiye aliyeniokoa: amemleta Msudani mwenzake na mkewe, wamefika karibuni kutoka vitani, wamechukua nyumba na kunirudishia riyali elfu tisa. Wanandoa wale waliingia na sanduku moja. Mama yule alishika kingo za kitanda kwa mikono miwili kama mtu anayepima, akakaa.

Wakati nashusha mapazia Amm Siddig alinishikia ngazi. Ndipo akaniambia, kwa Kiarabu cha polepole ili nielewe, kwamba mke wake mwenyewe yuko Omdurman, hajasikia sauti yake tangu mwezi wa tano. Kila aliponiuliza kuhusu madam alikuwa anapenda kusikia nikisema karibuni. Nilimkumbatia mzee yule na ngazi yake. Wiki zote hizo nilikuwa namkwepa.

Jumatatu, 6 Januari. Jeddah

Mvua. Si mvua ya kwetu inayotangaza inakuja. Imeanguka yote kwa pamoja, mitaa ikawa mito, magari yakazima. Tumefunga maturubai juu ya paa la nyumba ya miaka mia mbili, mimi na Wapakistani sita. Mvua ilinikumbusha bati la kwa mama mkwe, usiku wa nne wa ndoa yetu, Eucabeth akiweka sufuria chini ya tobo na kucheka. Nilitaka kumpigia, nikakumbuka kwamba ni mimi ninayesubiri.

Jumapili, 12 Januari

Amepiga. Tumezungumza nusu saa, mambo ya kuku na ya mvua. Hakunisamehe, hakunilaumu. Sauti yake tu. Nimefua nguo zote baada ya hapo.

Jumatano, 29 Januari

Yassir amekuja Jeddah na karatasi za kutia sahihi. Nilipanga kumpa sahihi na mgongo. Lakini alikuwa amebeba mfuko, na ndani yake kopo la maharagwe. "Ulilisahau kwangu," akasema. Mwezi mzima na nusu amelitunza kopo la riyali tatu.

Tukalila na mkate tukiwa tumekaa kwenye ngazi za nyumba ya matumbawe. Nikamuuliza yeye mkononi anapata ngapi. Alitafuna kwanza.

"Mie niliambiwa elfu sita. Napata tatu na mia mbili. Huu mwaka wa tisa nahesabu, mke wangu yuko Unguja, Zeinab. Kila mwaka namwambia mwakani."

"Na wewe pia uko chini ya Mwavuli?"

"Mie ndo nnaushika huo mwavuli, nalowa vilevile." Akajipangusa mchuzi ndevuni. "Ulipotaja jina la mkeo kwenye simu, nilitaka kukwambia. Wallahi nilitaka. Lakini karani anaeeleza sana humu hakai. Naomba radhi, Gilbert."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali tangu Desemba na yote yalikuwa ya mtu mwingine, siyo ya huyu anayekula maharagwe. Nikamwambia yameisha. Nilipomwambia hivyo nikaona kwamba kwa kiasi kikubwa yameisha kweli.

Jumapili, 16 Februari

Eucabeth amepata kazi Uingereza.

Ameniambia hivyo bila kuzunguka. Maombi aliyaanza tarehe kumi na saba Desemba, asubuhi baada ya ile simu. Nafasi yake hospitalini ilishajazwa na hana muda wa kukaa kwa mama yake akihesabu kuku. Kuna kampuni inayowachukua wauguzi na kuwapeleka kuhudumia wazee majumbani. Ndege ni tarehe ishirini na mbili Machi.

"Nilikuwa nakuja kwako," akasema. "Sasa napita."

Kweli anapita. Ndege yake inabadilishwa Jeddah.

Alhamisi, 20 Februari

Nimeuliza kila mahali. Msafiri wa kupita hatoki bila viza, na mimi siingii bila tiketi. Mafi, yaani hakuna, akasema mmoja. Mafi, akasema wa pili. Wa tatu alinihurumia, akasema mafi kwa kuniwekea mkono begani.

Jumamosi, 1 Machi

Ramadhani imeanza. Kazini tunatoka mapema. Mimi nami sili hadharani, na mchana umekuwa mrefu.

Jumanne, 11 Machi

Siku kumi na moja.

Jumatatu, 17 Machi

Vumbi. Balad yote ni ya rangi moja. Yassir atakuja umra kisha atapandia ndege Jeddah kwenda kwao Idi, ya kwanza baada ya miaka mitatu. Nimemuuliza tarehe. Jumamosi, ishirini na mbili.

Nimemuuliza tena ili niwe na hakika.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Ndege ya Eucabeth ilitua saa tano asubuhi. Nilikuwa kiwanjani tangu saa tatu, ukumbi wa nje, katikati ya mahujaji wa umra, maelfu, wamevaa shuka nyeupe na kubeba madumu ya Zamzam. Simu ikalia.

"Nimefika. Uko wapi?"

"Nje. Nyuma ya ukuta wenye mabango ya saa."

"Mimi niko ndani. Kuna tangi la samaki hapa kubwa kama nyumba ya ghorofa. Gilbert, kuna papa ndani ya hii airport." Kisha akauliza, "Uko mbali aje?"

"Mita mia mbili. Labda tatu."

Mimi ni mtu wa vipimo na sikuweza kumwambia sawasawa.

Tulikuwa na saa nane na zaidi. Kwanza tulilia, hilo nalisema wazi, mimi nikiwa nimegeukia nguzo. Kisha nikamwomba msamaha tena, wa treni, akasema, "Hiyo nitakukumbusha ukiwa mzee." Kisha nikamwambia atoe mkataba.

"Tuanze. Wanakulipa ngapi?"

"Pauni kumi na tatu kwa saa. Saa arobaini kwa wiki."

"Hizo arobaini ni za kukaa na wazee, au na za njiani? Ukitoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine, wanalipa?"

Nikasikia akipekua kurasa.

"Sijauliza."

"Andika. Nyumba?"

"Wamesema watanisaidia na room."

"Watakusaidia, halafu wakate ngapi? Andika. Viza nani alilipa, na wanairejesha kwako? Sare? Gari, mafuta ya nani? Kodi ya serikali ni ngapi? Huko iko."

"Pole pole, hii boarding pass ni ndogo."

"Ukifika watakuwekea karatasi nyingine mbele, na utakuwa na usingizi. Usitie sahihi. Uliza kwanza, mkononi nitabaki na ngapi, kisha ndiyo uchukue kalamu."

"Mkononi nitabaki na ngapi," akarudia, akiandika. Nilisikia kalamu.

Saa tisa akaja Yassir, kichwa kimenyolewa kwa umra, kimeng'aa. Nilikuwa na mfuko mkononi, ndani pazia moja la kijani. Moja nimebaki nalo. Nilimweleza maneno matatu tu, akauchukua mfuko kabla sijamaliza.

"Nitamjuaje?"

"Yuko kwa samaki. Ana koti jekundu. Ukimwona anazungumza peke yake, anazungumza na mimi."

Akapita kwenye mlango wa wasafiri akionyesha pasi yake, mtu niliyemwita mwizi mbele ya watu, na pazia langu kwapani. Nilibaki kwenye simu. Dakika zikapita. Kisha nikasikia, mbali kidogo na kipaza sauti, ile sauti yake ya upole.

"Assalaam alaikum, shemeji. Nimetumwa na Gilbert. Mie ndiye niliyemtajia elfu kumi."

Nilidhani atamrukia. Eucabeth akafungua mfuko, nikasikia karatasi yake, halafu akasema, "Ni ile ya kijani."

Yassir alinipigia baadaye kutoka mlango wa ndege yake. Alizungumza haraka kama mtu aliyeona ajali.

"Ana alama ndogo hapa kwenye nyusi. Hukuniambia. Kaniuliza una hali gani, nikamwambia umekonda. Kaka, huko ndani baridi kali, nimemwacha amejifunika lile pazia, samaki wanampita nyuma."

Alama ile ni ya uzio wa seng'enge, alikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimeanza kuisahau. Yassir amemwona kwa macho yake na mimi sijamwona, na bado nilimshukuru hadi akaniomba niache.

Ndege ya Eucabeth iliondoka saa mbili kasoro dakika ishirini. Nilitoka nje kuitazama, lakini ziliondoka nyingi.

Alhamisi, 27 Machi

Ameandika kutoka Uingereza:

"Waliniwekea karatasi nikiwa bado na begi. Nikauliza yote. Yule mama alishtuka, akasema hakuna mtu huuliza hivyo. Saa za njiani hawalipi. Room wanakata. Tax iko. Mkononi ni pauni elfu moja na mia moja, si elfu mbili. Nimesign kwa sababu sina kwa kurudi, lakini nimesign nikijua. Dirisha la huku ni ndogo, pazia linafika chini na linabaki. Ile yako umeweka wapi?"

Nimemjibu kwamba la kwangu nimelitundika kando ya kitanda, kati yangu na Wapakistani.

Kisha tukapiga simu tukafanya hesabu, mara ya kwanza wote wawili tukiwa na namba za kweli mbele yetu. Sacco, kwa mama yake, tiketi mbili. Oktoba natimiza mwaka, naweza kutafuta mwajiri atakayeandika kazi yangu ilivyo. Hilo tumeliandika kwa penseli. Likizo yangu kwa mwaka ni siku ishirini na moja. Yeye ameomba Desemba na wamemkubalia.

"Ishirini na moja," akasema. "Toa za njiani."

"Mbili."

"Kumi na tisa, basi. Webuye. Hiyo ndiyo ya mkononi?"

Niliipitia tena kutoka juu hadi chini kabla ya kumjibu.

"Hiyo ndiyo ya mkononi."